Maji Yasipoe

Soko la mitumba la Magongo Jumamosi asubuhi halina nafasi ya kupishana. Dama, leso ya rangi ya embe kiunoni, alikuwa ameinamia rundo la mashati aliposikia mtu nyuma yake akimwambia muuzaji, "Hili lina doa, kaka. Nitafutie jingine, tafadhali."

Akainuka. Sauti ile aliijua.

"Si wewe unayetafsiri filamu pale kwenye banda la video?"

"Ndiye mimi."

"Mwongo. Yule ni mzee, ana kitambi na ndevu."

Kijana alikuwa mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi likakaa. Akacheka kwa haya. "Kitambi nakivaa nikishika maikrofoni."

Jina lake Ruwa. Huchukua filamu za ng'ambo na kuzisemea kwa Kiswahili, yeye peke yake, mume na mke na askari. Hakuna aliyemfundisha. Kwanza huitazama filamu kimya mpaka ajue nani anampenda nani, ndipo aseme. Nakala zake huenea mtaa mzima.

Wakazoea kupigiana simu saa ya chakula cha mchana, Dama akiwa kwenye cherehani yake.

"Umekula, kitambi changu?"

"Nimekula sauti yako. Nina filamu ya kisa cha kweli; nikiwa tayari kuisemea, uje utazame."

"Hizo huzitazama nimekaa wima. Nyingine najilaza."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu mahali fulani yalimpata. Si vizuri kumtazama nimelala."

Ruwa alilifikiria neno hilo siku nyingi. Akampenda zaidi kwa ajili yake.

Ndipo Dama akamwambia jambo ambalo kwao halitajwi. Kaka yake Changawa aliondoka na lori kwenda Kongo, akiwa utingo, na tangu hapo yeye wala lori hawajasikika. Alikuwa na desturi ya kufika nyumbani Jumamosi jioni, vumbi mwili mzima. Mama yao bado humchemshia maji kila Jumamosi, akayaweka bafuni. "Husema, njoo uoge, mwanangu, yasipoe. Kisha huyaacha yakapoa."

Filamu ile ilikuwa ya mke wa mchimba migodi. Mumewe amefukiwa, naye anasimama dirishani, hasemi neno, muda mrefu. Mtafsiri huogopa kimya. Watazamaji hudhani mashine imeharibika. Ruwa akajikuta amesema, "Njoo uoge, mume wangu. Maji yasipoe." Banda zima likalia. Mwishoni mchimba migodi akatolewa maiti, na Ruwa akafunga kwa ile sauti nzito ya kitambi: "Ni kisa cha kweli. Hakurudi tena."

Maneno yakatoka bandani yakaingia mitaani. Bodaboda wakawa wanawaita abiria, "Twende, maji yasipoe!" Mama yake Dama akayasikia dukani, kwa sauti nzito, kwenye simu ya mtu. Akamuuliza jirani yake Mercyline yametoka wapi, naye Mercyline, bila kujua, akamsimulia filamu yote hadi mwisho.

Jumamosi ile jiko halikuwashwa.

"Dama, mpenzi," Ruwa alisema alipopigiwa.

"Usiniite hivyo. Ulipata wapi ruhusa?"

"Sikumtaja mtu."

"Hukutaja. Mama aliuliza, ni kisa cha kweli? Akaambiwa ndiyo. Akauliza, alirudi? Akaambiwa hakurudi. Sasa ndoo ameipindua, amekaa tu."

"Kile ni kisa cha mwanamke wa mbali."

"Maji ni yetu, Ruwa. Umeyamimina katika kisa cha wenyewe, kisha mwisho wao ukatuletea sisi."

Simu ikakatika, na alipojaribu tena haikupokewa.

Ruwa akairudia filamu upya. Ilipofika dirishani, akanyamaza. Oduor, mwenye banda, akamfuata mbio. "Sauti imekwama?"

"Haijakwama. Yule mke hakusema kitu. Nami nisimsemee."

Lakini nakala za kwanza zilikuwa zimeenea, na neno halikusanywi. Likabaki moja la kufanya.

Jumamosi alasiri alitembea kutoka barabara kuu hadi Jomvu Kuu, vumbi la malori likamkaa hata kwenye kope. Mama alikuwa kizingitini akichambua mchicha. Dama alipomwona alikunja mikono kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nani?"

"Naitwa Ruwa. Yale maneno ya maji, ni mimi niliyeyasema."

"Sauti si hiyo."

"Ile huivaa, mama."

Mama akachambua kidogo. "Yule wa migodini hakurudi."

"Yule hakurudi. Ni kweli kwao. Maneno yako niliyachukua bila ruhusa, nikayatia humo. Kisa chako mwisho wake siujui, wala hakuna aujuaye. Nisamehe."

Mama akaurudia mchicha wake. Ruwa, ambaye kazi yake ni kujaza kimya, hakukijaza.

Hatimaye mama akainuka, akaingia ndani. Ikasikika sauti ya makaa yakimwagwa jikoni.

"Umekuja kwa miguu?" Dama akauliza, akilitazama lile shati jeupe lililogeuka jekundu.

"Nilitaka nipate muda wa kufikiri la kusema."

"Ukafikiri nini?"

"Niseme machache."

Dama akauma mdomo asicheke. Wakasimama hivyo, hatua chache kati yao, mpaka mama alipotokea na ndoo inayofuka mvuke, akaipeleka bafuni, akatundika taulo juu ya ukuta wa makuti.

"Ruwa."

"Naam, mama."

"Changawa akija nitamtekea mengine. Nenda ukaoge, mwanangu, yasipoe."

Ruwa akamgeukia Dama. Dama akavuta leso ya rangi ya embe kutoka kwenye kamba ya kuanikia, akamtupia begani.

"Umemsikia mama," alisema polepole. "Nenda, kitambi changu."