Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Kila Jumatano baada ya vipindi, Hasina alifagia chumba cha klabu ya sayansi katika shule yao ya Ngamiani. Zebedayo, mwenye ufunguo wa kabati, alitoa darubini waliyoiunda na Mwalimu Bertha: bomba pana la plastiki, kioo kilichobonyea kama bakuli, na kipande cha sola kilichounganishwa na spika. Mtu alisema kwenye maikrofoni upande wa pili wa chumba, sauti ikasafiri ndani ya mwanga wa leza, kioo kikaukusanya, spika ikanena. Mwalimu aliwaeleza kwamba vyombo vilivyo mbali sana angani hutuma habari vivyo hivyo. Mwanga wake hufika duniani ukiwa hafifu mno, ndiyo maana darubini za kuupokea hutunzwa kama mboni ya jicho.

Jumatano moja, Zebedayo akiwa amekwenda kuchota maji, Hasina aliona ukungu wa hewa ya chumvi juu ya kioo. Ijumaa wangekuja wageni, na Zebedayo ndiye angesema. Nyumbani kwao sufuria hung'aa kwa majivu na kumbi la nazi, basi akachota majivu jikoni kwa shule, akasugua. Hakujua kwamba kioo cha darubini hupakwa rangi yake ya fedha mbele, si nyuma kama kioo cha kujitazamia. Utando huo wa fedha ukabanduka. Akakirudisha kabla Zebedayo hajafika na maji.

Ijumaa spika ilikoroma tu.

"Darubini ya Zebe ina mafua," alisema Sele, na darasa likacheka.

Mwalimu alifungua bomba, akaiona mikwaruzo kwenye kioo, akauliza ni nani. Hasina alitazama sakafu. Zebedayo alisema hakukigusa, lakini ufunguo ulikuwa wake. Akanyang'anywa pale pale, mbele ya baba yake, kibarua wa shamba la mkonge aliyeacha kazi ya siku ile aje kuisikia sauti ya mwanawe. Mzee aliinuka akaondoka, soda yake haijafunguliwa.

Siku tano zikapita. Jumatano Hasina akaenda ofisini kwa Mwalimu Bertha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kioo nilikisugua mimi. Kwa majivu."

Siku hiyo hiyo Hasina na mwalimu walimwomba Zebedayo radhi mbele ya darasa. Mwalimu akamnyooshea ufunguo.

"Mpe mwingine, mwalimu," alisema Zebedayo bila hasira. "Baba hatakuja tena."

Mwezi uliofuata kilipatikana kioo kipya. Spika ikanena vizuri, ila sauti ilikuwa ya Sele. Mwalimu Bertha alisimama karibu na Hasina.

"Mimi nilihukumu kabla ya kuuliza vya kutosha, na hilo ni langu," alisema taratibu. "Lako ni hili: ukikosea, sema kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Ungesema Jumatano ile, mwanangu, tungepoteza kioo tu."