Mikate ya Oti ya Otilia

Kengele ya kwanza ya misheni ilipolia, wasichana wengine wa bweni waligeukia ukutani na kuvuta mablanketi. Kalista hakuwa na nafasi hiyo. Alifunga kitambaa kichwani, akanawa uso kwa maji ya baridi, kisha akateremka jikoni huku akinung'unika. Upepo wa Ziwa Nyasa ulimpiga usoni njia nzima.

"Wenzangu wamelala," alijisemea, "mimi naenda kupigana na oti."

Ulikuwa mwaka 1954, na Kalista alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na mdogo wake Otilia, wa miaka kumi, walitoka Ukata, kule milimani, wakaletwa kusoma katika shule ya wasichana ya misheni iliyokuwa kando ya ziwa, si mbali na Lituhi. Nyumbani Otilia hakuwa na shida yoyote. Lakini shuleni kila asubuhi walikunywa chai kwa mkate wa ngano, na kabla muhula haujaisha tumbo lake likavimba kama ngoma, huku mikono na miguu ikikonda. Aliharisha, akasinzia darasani, akashindwa hata kuruka kamba.

Sista Teodora, muuguzi wa zahanati, Mswisi mrefu asiyependa maneno mengi, alimchunguza kwa wiki kadhaa. Alimkataza chakula hiki, akamrudishia kile, mpaka akapata jibu.

"Ni ngano," alisema. "Tumbo lake haliiwezi. Hata kidogo."

Uji wa mahindi nao ulikatazwa, kwa sababu mashine ya misheni ilisaga ngano na mahindi kwa jiwe lilelile. Mchana na jioni Otilia alikula muhogo na samaki, akashiba. Kwa asubuhi, Sista alitoa kabatini makopo ya oti, nafaka aliyotumiwa na ndugu zake wa Ulaya. Zilikuwa punje bapa, nyepesi kama pumba. Akamwagiza Kalista amwokee mdogo wake mikate midogo kila siku ili arudishe mwili.

"Oti, maziwa, asali, chumvi kidogo. Basi. Ngano hapana."

Rahisi kusema! Siku ya kwanza mikate ilimeguka yote ilipotolewa kwenye bati. Siku ya pili iliungua juu, ndani ikabaki mbichi. Kalista akaongeza maziwa, ikawa uji. Akapunguza maziwa, ikawa mchanga. Otilia alikula makombo kwa kijiko, na wasichana wa meza yake wakamcheka.

"Tazameni, Otilia anakula chakula cha kuku!"

Otilia alilia. Kalista alitamani kulitupa kopo la oti ziwani.

Mama Gertruda, mpishi wa shule, hakumwonea huruma. Alikuwa na wasichana themanini wa kuwalisha, na meza yake ilikuwa imejaa makombo ya mtu mwingine.

"Mama, hii mikate haishikani!" Kalista alilalamika.

"Basi iulize kwa nini haishikani," Mama Gertruda alijibu, akacheka na kuendelea kuchochea moto.

Ijumaa moja mambo yakamfika Kalista shingoni. Bati la kwanza lilikuwa limevunjika lote. Kengele ya misa ilikaribia kulia, na Mama Gertruda alikuwa nje akipokea kuni. Mezani palikuwa na bakuli la unga wa ngano uliobaki. Kalista aliutazama. Akatazama mlangoni. Kisha akachota kiganja kimoja, akakichanganya na oti.

"Kiganja kimoja kitafanya nini?" alijiuliza.

Mikate ilitoka mizuri ajabu, ya mviringo, rangi ya kahawia, haikudondosha hata kombo.

"Dada, leo ni mikate kweli!" Otilia alisema kwa furaha. Wasichana waliomcheka walinyamaza, mmoja akaomba kuonja. Hata Mama Gertruda alisema, "Kumbe mikono unayo!"

Baada ya sifa hizo, Kalista angerudije kwenye makombo? Kesho yake alichota tena, na keshokutwa.

Siku ya tano Otilia aliamka akijishika tumbo. Sista Teodora akawaita wote wawili zahanati.

"Amekula nini?"

"Oti tu, Sista," Kalista alijibu.

"Oti alikula wiki mbili bila kuumwa. Kuna ngano imeingia mahali."

Maneno yakamtoka Kalista kabla hajayapima. "Labda amechukua mkate wa wenzake."

Otilia alimgeukia, macho yakiwa yamemtoka. "Sijachukua! Dada, sijala mkate wa mtu!"

Kuanzia siku hiyo Otilia aliketishwa peke yake, karibu na meza ya walimu, ili aangaliwe. Wasichana walinong'ona kwamba ni mdokozi wa mikate. Kalista alikasirika. Aliwakasirikia wasichana, Sista, oti, mpaka mdogo wake kwa kuwa na tumbo la ajabu namna ile. Hakuthubutu kuacha ngano moja kwa moja, kwa maana mikate ikimeguka ghafla, watu wangeuliza. Alipunguza tu, akatia nusu kiganja, akajidanganya kwamba amefanya jambo jema.

Wiki iliyofuata Otilia alianguka akiwa kwenye mstari wa asubuhi. Alibebwa hadi zahanati. Sista Teodora alichoka kukisia, akaandika barua Ukata.

Baba yao, Mzee Mansuetus, alifika baada ya siku chache, miguu ikiwa imejaa vumbi la njia nzima.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Sista alijibu. "Mzee, chukua mtoto. Ama haambiliki, ama mimi sijui ugonjwa wake. Akibaki hapa, ataisha."

"Huko kwetu hakuna darasa la kumpokea, Sista. Akirudi, masomo yake yamekwisha."

"Ni afadhali kuliko kuzikwa."

Otilia alijiinua kitandani kwa shida. "Baba, nitakwenda. Lakini mimi si mwizi. Waambie mimi si mwizi."

Mzee Mansuetus alikunja uso. "Nani amesema mwanangu mwizi?"

Kalista alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo za mdogo wake. "Ni mimi, Baba," alisema. "Na ngano niliitia mimi. Mikate ilikuwa inameguka, nikaona kiganja kimoja si kitu. Otilia hakuiba chochote."

Sista Teodora alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja, Sista."

"Siku zote hizo mimi natafuta! Usiku nasoma vitabu! Mtoto anaisha, na wewe unajua!" Kalista hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

Akapelekwa jikoni kueleza. Mama Gertruda aliposikia, aliweka mwiko chini.

"Kwa nini hukuniambia imekushinda?"

"Nilikuambia, Mama. Ulicheka."

"Ni kweli, nilicheka," Mama Gertruda alisema. "Hapo nilikosa. Haya, lete kinu."

Kwa ruhusa ya Sista walitwanga muhogo mkavu wao wenyewe, mbali na mashine, wakauchekecha kwa chekecheo jipya. Bati lilisuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa. Mama Gertruda aliponda ndizi mbivu mbili, akavunja yai, akatia oti na unga wa muhogo, akafinyanga. Mikate ikashikana. Haikuwa mizuri kama ile ya ngano. Ilikuwa mizito, na pembeni ilipasuka. Lakini ilishikana.

Siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha jioni, Kalista alisimama mbele ya wasichana themanini na kusema alichofanya. Baadhi walimzomea, naye akavumilia. Otilia hakuzungumza naye kwa siku tatu. Siku ya nne alisema tu, "Dada, ongeza asali," na Kalista karibu alie.

Mzee Mansuetus alikaa wiki moja, akaona tumbo la mwanawe likishuka, akaondoka peke yake. Baada ya mwezi Otilia aliruka kamba mara arobaini bila kupumzika.

Asubuhi moja Sista Teodora aliingia jikoni, akachukua mkate mmoja wa oti na kuumega.

"Bado unapasuka," alisema.

"Ndiyo, Sista. Nitajaribu tena kesho."

"Jaribu. Ukishindwa, njoo useme umeshindwa. Nisikilize vizuri, Kalista. Mikate yako iliyomeguka haikumdhuru mtu, iliwaudhi watu tu. Iliyomlaza mdogo wako kitandani ni ile iliyopendeza, kwa sababu ndani yake ulificha jambo. Kosa ukilisema siku ya kwanza, tunalitengeneza asubuhi moja. Ukilificha, mwingine ndiye anayeumwa."

Akala kipande alichomega, akatafuna polepole, kisha akaenda zahanati kufungua mlango kwa wagonjwa wa siku hiyo.