Kichuguu cha Mpakani

Kila asubuhi kabla ya shule Drateru alipita karibu na kichuguu akienda kuteka maji. Kilisimama mpakani, kati ya shamba la baba yake, Ondoga, na shamba la jirani yao Asiku, huko Aroi. Kwa mgeni kilikuwa rundo la udongo tu. Kwa watu wa Aroi kichuguu ni mali. Kina mwenyewe, na mwana hukirithi kwa baba yake kama anavyorithi shamba, kwa sababu mvua zikianza hutoa kumbikumbi, na utamu wa kumbikumbi wa kukaanga hauhitaji kuelezwa. Kichuguu hiki alikitega babu yake Drateru, kisha baba yake.

Asubuhi moja ya mwaka 1976 Drateru alikuta fito zimechomekwa kukizunguka, na Asiku akichimba shimo la mtego chini yake. Alirudi mbio kumwita baba. Ondoga alikuja, akamsalimu jirani yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kulikoni. Asiku alikuwa amekwisha kujipandisha hasira, na mara nyingi anayechukua cha mwenzake hupiga kelele kuliko aliyechukuliwa. Alisema kichuguu kimeota upande wake. Alimwita Ondoga mwanamke aliyevaa suruali. Mwisho akatamka neno ambalo mwaka ule, wanajeshi wakiwa ndio wanaotawala nchi, halikutamkwa ovyo.

"Nenda kamwite shemeji yako mwanajeshi. Simwogopi."

Ondoga alimwambia watazungumza mbele ya wazee, akarudi nyumbani. Drateru alimfuata nyuma, uso ukimwaka kwa aibu.

Ondoga alikuwa msomaji wa kanisa, na Jumapili ile, kama mkosi, somo lilikuwa lile la Yesu mlimani, kwamba heri wenye upole, maana hao watairithi nchi. Jumatatu darasa la tano likawa na kazi moja tu, kumcheka Drateru. Wavulana walimuuliza hiyo nchi baba yake atairithi lini, ikiwa kichuguu tu kimemshinda. Hata Ayikoru, binti wa Asiku, aliyekaa naye dawati moja na kugawana naye muhogo kila siku, aliinamisha kichwa akacheka kidogo. Hicho kicheko kidogo ndicho kilichomuuma zaidi.

Jumamosi mjomba Yangi akaja. Alikuwa kaka wa mama yake, Mkakwa wa Koboko, wa kabila la rais wa siku zile, na alikuja likizo na landrova ya jeshi, bunduki begani na sukari mkononi. Sukari ilikuwa haionekani madukani siku zile, kwa hiyo mama alimpokea mara mbili, kwanza yeye, kisha mfuko. Drateru alimmiminia maji ya kunawa. Mjomba akamuuliza mbona amenuna, na Drateru akamwaga yote, kichuguu, matusi na kicheko cha darasani. Afadhali angekoma hapo. Lakini alitaka mtu mmoja akasirike kwa ajili yake, akaongeza, "Tena alisema hakuogopi."

Yangi aliacha kunawa. Aliuliza huyo mtu yuko wapi, na kabla mama hajapata neno la kumzuia, alikuwa ameshachukua bunduki na kutoka.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Kutoka kwenye kichuguu ilisikika milio ya fimbo juu ya gogo kavu. Asiku na watoto wake walikuwa wakipiga ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi na kutoka. Drateru aliposikia fimbo zile, alielewa alichokifanya. Ayikoru alikuwa huko. Na siku zile mtu akipakiwa katika gari la jeshi, nyumbani kwake walianza kulia kabla vumbi halijatulia.

Alikimbilia shamba la muhogo, kwa baba yake.

"Mjomba," alisema. "Nimemwambia."

Ondoga alitupa jembe, akakimbia.

Walipofika, fimbo zilikuwa zimenyamaza. Asiku alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mikono kichwani. Ayikoru alisimama pembeni amekumbatia beseni tupu, akilia bila sauti. Yangi alikuwa akimfokea Asiku kwa Kiswahili cha kambini, lugha aliyoisema na kila asiyejua Kikakwa.

"Wewe nasema hapana ogopa mimi? Sema tena. Simama, twende gari."

Ondoga alipita kando ya bunduki, akasimama kati yake na Asiku. Aliyeoa humheshimu shemeji yake, na tangu amwoe mama yake Drateru hakuwahi kumbishia Yangi hata katika mambo ya chakula. Mikono yake ilitetemeka, Drateru aliiona wazi. Sauti haikutetemeka.

"Shemeji, huyu iko jirani yangu. Acha yeye."

"Mutu natukana wewe, na wewe nanyamaza? Wewe iko mwoga."

"Mwoga nasimama nyuma ya bunduki yako," Ondoga alisema. "Mimi iko mbele. Kama nachukua yeye, chukua mimi kwanza. Halafu rudi, ambia dada yako."

Hakuna aliyesogea. Kumbikumbi walianza kutoka wenyewe, wakaangukia shimoni kwa wingi, na hakuna aliyewatazama. Drateru alimwomba Mungu kwa maneno yaliyochanganyika. Hatimaye Yangi alisonya, akashusha bunduki. Alimwambia Asiku ashukuru kwamba jirani yake ni mjinga, akaondoka. Siku hiyo hakungoja hata chai.

Asiku alibaki magotini. Alisema kichuguu ni cha Ondoga, na kwamba marehemu baba yake mwenyewe alimwambia hivyo. Ondoga alimshika mkono akamwinua, akasema hayo atayarudia mbele ya wazee, kwa sasa kumbikumbi wanaruka bure.

Drateru na Ayikoru waliinama kukusanya bila kutazamana.

"Ni mimi niliyemwambia mjomba," Drateru alisema. "Nisamehe."

"Na mimi nilicheka," Ayikoru alisema, akamsogezea beseni.

Jioni, kumbikumbi wakikaangwa, Drateru alimuuliza baba yake kwa nini siku ile ya kwanza hakumjibu Asiku.

"Jibu nilikuwa nalo," Ondoga alisema. "Jina la mjomba wako lingetosha, na Asiku asingelala kwake. Mtu asiye na la kufanya akinyamaza, huenda ni woga tu, na woga naujua, leo ulinishika mikono. Upole ni kuwa na neno la kummaliza mwenzako, ukalizuia mdomoni. Yesu alijiita mpole, naye angeweza kuita majeshi ya malaika. Hakuyaita."

"Lakini wavulana wanauliza nchi utairithi lini."

Ondoga alichota kumbikumbi, akamtilia mkononi.

"Ningemwacha Asiku achukuliwe, ningebaki na kichuguu na kaburi la jirani, na Ayikoru asingekaa nawe tena. Nchi ni ile yenye jirani ndani yake. Waambie nimeirithi leo."

Jumatatu Drateru alibeba shuleni kumbikumbi wa kukaanga, amewafunga katika jani la mgomba, wa kuwatosha watu wawili.