Mchezo wa Bibi Mgonjwa

Rolande alitoka Bukavu. Aliishi Brussels, mtaa wa Koekelberg, pamoja na mume wake Mathieu na binti yao Jémima wa miaka kumi. Mwaka 1995 alipata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee katika fleti mtaa wa Etterbeek, mjini humo humo.

Bibi huyo aliitwa Bi Keane. Alikuwa ametoka Ireland kuja kuishi na mwanawe, mkalimani. Mwana alijua Kifaransa. Mama yake alijua Kiingereza tu.

Rolande alikuwa amesoma Kiingereza jioni kwa miaka miwili. Madaftari yake matatu yalijaa sarufi. Lakini mtu akimsemesha, maneno yote yalimkimbia.

Siku moja Bi Keane alimwomba kitu. Rolande hakuelewa, akamletea maji. Bibi akatikisa kichwa, akarudia. Rolande akamletea blanketi. Bibi akasema tena kwa sauti kubwa, kisha akafunika uso. Alikuwa anaomba kupelekwa chooni, na sasa alikuwa amechelewa. Rolande alimwosha na kumbadilisha nguo. Wote wawili walilia.

Jioni yule mwana alimwambia kwa upole, "Madame Rolande, unamtunza vizuri. Lakini mama anaogopa kubaki na mtu asiyemwelewa. Nitangoja mwezi mmoja. Baada ya hapo itabidi nitafute mtu mwingine."

Rolande alipofika nyumbani, alimkuta jirani yao Warda akimsuka Jémima nywele. Warda alikuwa mama wa Mombasa. Zamani alifundisha Kiingereza shule ya msingi.

"Maman Warda, mi nimeshindwa," Rolande alisema, akamweleza yote. "Kuandika najua. Lakini kinywa inakatala. Niko naogopa kukosea, watu watanicheka."

"Sasa utafanya nini?"

"Bon, nitasoma grammaire tena, ile sarufi ya kwenye daftari."

"Hapana, dada. Liweke daftari kando kwanza. Mkono wako umeshajifunza kuandika. Kinywa chako bado hakijafanya mazoezi. Tutacheza."

"Kucheza? Mi niko muntu mukubwa!"

"Ndiyo maana nasema tucheze. Mchezoni ukikosea, hakuna anayeumia."

Warda alichukua mfuko, akatia vitu vya nyumbani ndani. Rolande aliingiza mkono, akashika kimoja. Hakuruhusiwa kukitaja jina. Alipaswa kukieleza kwa Kiingereza, na Jémima, ambaye Warda alikuwa amemfundisha Kiingereza kidogo, akisie.

"Ni kidogo," Rolande alisema polepole. "Ni cha chuma. Asubuhi napika... hapana, nakula nacho."

"Kijiko!" Jémima alipiga kelele.

Rolande alishangaa. Alikuwa amesema Kiingereza mbele ya watu wawili, na hakuna aliyemcheka.

Kesho yake Warda alileta mchezo mwingine. Mathieu alijifunga kitambaa kichwani, akawa bibi mgonjwa. Warda alimnong'oneza maneno ya Kiingereza ya kusema. Mathieu aliguna na kulalamika mpaka Jémima akaanguka kwa kicheko.

Rolande hakumwelewa, akainuka kuleta maji.

"Usikimbilie maji," Warda alisema. "Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Mwombe arudie polepole. Kisha mwambie, 'Show me,' yaani nionyeshe."

Wakacheza tena. Halafu wakabadilishana: Rolande akawa bibi, Mathieu akawa mtunzaji. Rolande alipokosea, Warda hakumkatiza. Aliandika kosa kwenye karatasi, wakalirekebisha mchezo ulipokwisha. Walifanya hivyo nusu saa kila jioni. Siku nyingine walicheza daktari, siku nyingine simu.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, Bi Keane alikataa kuinuka. Alisema maneno mengi kwa haraka. Rolande alitaka kukimbilia maji. Lakini kinywa chake kilifunguka.

"Tafadhali, rudia polepole," alisema kwa Kiingereza. "Show me."

Bibi alimtazama, akafunua blanketi. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, na ulikuwa wa moto.

"Unauma tangu lini?"

"Tangu jana."

"Usitembee. Nampigia daktari simu."

Daktari alikuja mara moja, akampeleka hospitali. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu. Alisema kama wangechelewa, ingekuwa hatari kubwa. Bi Keane alitibiwa, akapona.

Mwezi ulipokwisha, mwana alimshika Rolande mikono. "Mama ameniambia nisithubutu kutafuta mtu mwingine," alisema.



Jioni hiyo Rolande alirudi nyumbani amechelewa. Mathieu alikuwa mlangoni.

"Kuna nini, maman Jémima? Bibi anagonjwa tena?"

"Hapana, papa. Alinieleza juu ya ng'ombe wa baba yake. Na mi nikamueleza juu ya ziwa yetu kule Bukavu." Rolande alivua koti huku akicheka. "Tumesema, tumesema, mpaka chai ikapoa."