Faili la Hermani

Kila siku akitoka shule, Philomena aliosha vyombo, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya sebuleni kwao, kijijini Gitting. Mama yake, Nesi Fausta, alitunza humo mafaili ya wagonjwa. Kompyuta ya chumba cha matibabu, upande wa pili wa ukuta, iliyafungua kupitia waya. Philomena naye alinakili humo filamu za kuwaingizia wenzake kwenye flashi. Akiondoka alizima kioo tu asigundulike, na kompyuta iliendelea kunakili.

Wiki moja mafaili yakawa mazito kufunguka. Mama alibadilisha waya, akazima na kuwasha kompyuta ya matibabu, wapi! Mwishowe akamchapa Yoakimu, mdogo wake Philomena, akidhani amechezea waya. Yoakimu alilia akiapa hakuugusa. Philomena, msichana mzima wa darasa la sita, alinyamaza kimya bila haya.

Jumamosi asubuhi Bibi Helena aliingia amembeba mjukuu wake Hermani, mtoto wa miaka mitatu. Homa ilikuwa kali na shingo imekakamaa.

"Shikamoo, mama. Ile sindano iliyomvimbisha mwaka jana inaitwaje?" Nesi Fausta aliuliza haraka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nitajuaje jina? Si uliandika wewe?"

Nesi Fausta alibonyeza faili la Hermani. Halikufunguka. Akangoja, akabonyeza tena. Kumchoma dawa ileile kungeweza kumuua, na kungoja kulikuwa hatari vilevile. Mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima. Bibi akalia kwa sauti.

Philomena alikuwa mlangoni. Alishindwa kuvumilia. "Mama, Yoakimu hana kosa. Ni mimi. Nanakili filamu!"

Akakimbia sebuleni, akasimamisha kazi ile. Faili likafunguka mara moja. Mama akasoma jina la ile sindano, akamchoma Hermani dawa nyingine, kisha wakampeleka mtoto hospitali ya Haydom kwa gari la jirani.

Hermani alipona, lakini hasikii tena. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo iliyoharibu masikio yake. Kama zile dakika za kungoja faili zilichangia, hakuna ajuaye.

"Filamu ni utoto, ningekukaripia yakaisha," mama alimwambia Philomena. "Lakini ulimwona mdogo wako akichapwa, ukanyamaza. Ungesema siku ile, faili lingefunguka. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."

Philomena alimwomba Yoakimu msamaha, akasamehewa. Kisha akaenda kwa Hermani. Alimwambia samahani mara tatu, na mtoto akabaki anaitazama midomo yake.