Gonga Tatu, Weka Gia

Mnisamehe mapema: hadithi hii nitaisimulia ovyo. Anayeijua vizuri alikuwa chini ya gari, na siku hizi hataki maongezi.

Pikapu kuukuu iliingia gereji na ugonjwa wa kawaida. Ukiondoka, chini kunalia ko; ukishika kasi, bodi nzima inatetemeka kama ina homa. Fundi, mtu wa matusi na mikono ya dhahabu, aliitikisa propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, akaguna. Akabadilisha krosi, kile kiungo cha propela. Wapi! Akabadilisha bering ya katikati. Wapi! Mwishowe akafunga propela nyingine, iliyochomolewa kwenye gari lililopinduka na kumuua dereva wake.

Sasa ikagonga hata injini ikiwa imezimwa.

Pale gereji walikuwa na utaratibu wao. Nyuma ya gari inapandishwa juu ya stendi, fundi analala chini, msaidizi anakaa kwenye usukani injini ikinguruma. Fundi akigonga tatu, msaidizi anaweka gia, propela inazunguka, inakaguliwa. Msaidizi alikuwa kaka wa mke wa fundi, mtu mzima mwenye kitambi na mizaha, ambaye fundi hakuwahi hata siku moja kumwita shemeji. Alimwita Kopo.

Ko. Ko. Ko.

"We Kopo! Unagonga nini huko?"

"Niko juu huku! Nagonga na nini, kitambi?"

"Basi nani?"

"Marehemu huyo. Kaifuata propela yake."

Fundi hakucheka. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama mlangoni, lakini chini ya gari kulinuka udongo mbichi na nywele zilizoungua. Akatoa kichwa, akanong'ona:

"Sikiliza, Kopo. Kuanzia sasa achana na kugonga. Usiguse gia mpaka usikie sauti yangu. Mkono wangu utakuwa ndani."

"Sawa, bosi."

Injini ikawashwa, akarudi chini. Kukagongwa tatu, shemeji akatulia. Kukagongwa tatu tena, safari hii juu ya paa, kisha chini ya kiti chake, kisha kwenye dashibodi mbele ya macho yake, taratibu, kama kidole cha mtu asiye na haraka, na ile harufu ikapanda hadi kwenye usukani ikamjaa kooni, ndipo sauti laini, ya upole, ikasema:

"Shemeji, naomba uweke gia, ndugu yangu."

Akaweka.

Propela ilichukua mkono wa ovaroli kwanza, kisha ikachukua kilichokuwa ndani yake.

"Kopo! Toa! Kopo!"

Na kwenye kiti kitupu cha abiria, ile sauti ikanong'ona, "Ahsante, shemeji."

Mganga alikuja, akafukiza, akaizika propela. Mkono wa kulia wa fundi uliishia kwenye kiwiko. Pikapu bado iko juu ya stendi, haina propela, na inagonga.

Huyo shemeji ni mimi. Dada yangu, akimfunga mumewe vifungo vya shati, huniuliza kama kweli sikuitambua sauti yake. Nilijua si yake; yake ingenitukana. Lakini miaka kumi na miwili nimesubiri kuitwa kwa heshima katika gereji ile, na nilipoitwa, niliona si adabu kuuliza nimeitwa na nani.