Mahali pa Gogo

Jua lilikuwa linazama shemeji aliponiburuta mtoni kuiba gogo.

Huyu mume wa dada yangu ni domo tupu. Tumbo mbele, akili nyuma. Sisi wa mradi wa kuufufua mto tulikuwa tumeurudishia kona zake za zamani, tukalaza miti mikavu ndani yake ili maji yapunguze kasi na samaki wapate pa kujificha. Yeye akaona mbao tu.

"Mali yote hii mnaiozesha majini! Wasomi wa bure," alisema. "Lile nene pale konani nalichonga benchi."

"Shemeji, lile hatukulileta sisi. Tulilikuta."

"Basi halina mwenyewe."

Nilimfuata kwa sababu dada aliniomba, si kwa mapenzi. Tukafunga kamba. Tukavuta. Gogo likatoka polepole, likishusha pumzi... Harufu ya nguo zilizolala na maji ikatupiga usoni. Chini yake pakabaki shimo refu, jembamba.

Urefu wa mtu.

Vyura wakanyamaza.

Shemeji akaachia kamba. Akaingia majini na viatu vyake, akajilaza chali kwenye lile shimo, kama mtu anayepanda kitandani.

"Shemeji, acha upuuzi."

Maji yakampita juu ya uso. Macho wazi. Nikamshika mkono, nikavuta... Mzito. Mgumu. Kiganja kilikwaruza kama gome.

Na ule mdomo, kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu, ulikuwa umefungwa.

Nikaona nilirudishie shimo chake, huenda litamwachia. Nikalisukuma gogo kwa bega, huku nikilia, hadi likabingirika na kutumbukia kwa kishindo. Matope yakatibuka. Kisha shemeji akaibuka ng'ambo, amesimama wima, hata hakohoi.

Tangu siku ile hajasema neno. Anashinda barazani, mgongo umenyooka, miguu ndani ya beseni la maji. Nisidanganye, mwanzoni nilifurahi. Mpumbavu amenyamaza, nani atalalamika?

Jana dada alinivuta jikoni.

"Kaka," alinong'ona, "huyu uliyenirudishia... akilala hapumui."

"Shukuru. Si ulikuwa unalalamika anakoroma?"

Hakucheka. Alinionyesha baraza kwa kidevu.

Shemeji alikuwa ametulia tuli. Lakini maji ya kwenye beseni yalikuwa yanatiririka, yakizizunguka shingo za miguu yake, yakienda zao.